Umbali wa Dar es Salaam na Kigoma

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hata ule wa Kigoma, kwa mstari ulionyoka angani, ni kilomita 1,080 hivi. Ndege huzimaliza kwa muda wa saa mbili, au zaidi kidogo. Zamani haikuwa hivyo. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, karibu miezi minane. Na Speke alifika hali macho yake yanaugua, asilione ziwa vema. (Wapagazi waliowabebea mizigo walikwenda mwendo ule ule kwa miguu, na majina yao machache tu yakumbukwa.) Hata reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, msafiri alilala njiani, na mpaka leo hulala.

Basi twauliza: njia ikifupishwa hivi, je, wajibu wa mtoto kwa mzazi wake wazidi, au wabaki ulivyokuwa?

Wako wasemao kwamba wazidi, na hoja yao ina nguvu. Kijana wa Ujiji aliyekwenda pwani na msafara, habari ya kufiwa na baba ikampata baada ya miezi, nani angemlaumu? Njia yenyewe ilimtetea. Wa leo hana mtetezi huyo. Hupigiwa simu alfajiri, na pengine kabla ya jua kuchwa aweza kusimama kaburini. Asipokwenda, amechagua kutokwenda.

Lakini saa mbili hizo ni za ndege, si za mtu. Mchukuzi wa mizigo bandarini na mwenye duka kubwa wakaa mji mmoja, na mama zao wakaa mtaa mmoja Kigoma. Kilomita ni zile zile, wala hawako mbali sawasawa: mmoja yu mbali kwa saa mbili, mwenziwe kwa ujira wa siku nyingi, hata akipanda gari la moshi. Nako msibani watu husema, "Siku hizi ndege zipo," na mara nyingi husemwa juu ya yule mchukuzi. Hilo si haki. Bwana wetu alipotazama sanduku la hazina, alizipima senti mbili za mjane kwa kile alichobakiwa nacho. Mbona sisi twapima safari ya maskini kwa nauli ya tajiri?

Tena kuna kufika na kufika. Aliyeruka huwahi maziko, akarudi kesho yake, kwa kuwa kurudi ni kwepesi. Aliyekuja kwa reli hukuta kaburi limekwisha kufunikwa. Naye hukaa juma zima, akaezeka jiko la mama lililovuja, maana ajua hataweza kuja tena mwaka huu. Hatusemi kuchelewa ni kuzuri. Mama angependa wote wawili wawahi.

Na mwenye duka asiyekuja kabisa, je? Kwake hoja ile ya kwanza yasimama yote, wala hatuna neno la kumtetea.