Sala ya Usiku wa Dhiki

Ipo sala isiyofundishwa na kitabu. Ni sala ya mama anayempakata mtoto mwenye homa saa nane za usiku, na ya baba aliyezungukwa na wadai wala hana ada ya shule ya wanawe. Sala hiyo haina maneno ya kupangwa. Pengine ni kilio tu. Je, Mungu huisikia? Wengi waliolia hivyo wasipewe walichoomba wanajiuliza swali hilo kimya kimya.

Tumtazame Mtakatifu Monika, mama wa Kiafrika wa mji wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, aliiacha imani ya mama yake akafuata uzushi wa Wamanikeo kwa muda wa miaka tisa hivi. Monika hakuchoka kumlilia mbele ya Mungu. Mwaka 383 kijana huyo alikusudia kuvuka bahari kwenda Roma. Mama alimfuata hadi pwani ya Karthago, akamng'ang'ania asiondoke. Mwana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, akamshawishi alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, karibu na bandari. Usiku ule Monika alisali kwa machozi, akiomba jambo moja: mwanawe asisafiri. Kulipokucha, merikebu ilikuwa imekwisha ng'oa nanga.

Nani asingesema kwamba sala ile imepotea bure? Lakini safari ile ile ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, aliyembatiza usiku wa Pasaka mwaka 387. Mungu alimnyima Monika ombi la usiku mmoja, ili ampe ombi la miaka mingi. Mwaka huo huo mama alifariki huko Ostia, akiwa amekwisha kumwona mwanawe Mkristu.

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Baba yetu wa mbinguni hafanyi hivyo. Lakini tusidhani kwamba kila aliyenyimwa ataonyeshwa sababu hapa duniani. Wako wazazi waliosali, kisha wakazika. Ole wetu tukiwaambia kwamba imani yao ilikuwa haba! Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, aliomba mara tatu aepushwe na kikombe cha mateso, naye akakinywa. Baba hakumwepusha na msalaba, wala hakumwacha kaburini.

Basi, dhiki ikibisha hodi, tumweleze Mungu jambo lenyewe kwa jina lake, bila kuona haya: homa, deni, mume aliyezama katika ulevi. Mgonjwa tumpeleke hospitali upesi, maana sala haikatazi dawa. Tusikimbilie ramli, ambayo huongeza hofu na kuwagombanisha ndugu. Tuwaite majirani wasali pamoja nasi, ili aliyeishiwa maneno asaidiwe na sauti za wenzake. Kisha tumwachie Mungu saa na njia ya kujibu.

Asubuhi ile Monika aliiona bahari tupu, akalia kwa uchungu mkubwa. Kisha akarudi nyumbani, akaendelea kumwombea mwanawe. Enyi akina baba na akina mama, nasi tufanye vivyo hivyo.