Wosia na Wakili Mwaminifu

Katika Injili ya Mtakatifu Luka twasoma habari za mtu aliyemwendea Bwana Wetu katikati ya umati, akamwomba amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Bwana alikataa kuwa mgawaji wao, bali aliwaonya wote wajihadhari na choyo. Karne nyingi zimepita, na ndugu wangali wakisimama mbele ya hakimu kwa ugomvi ule ule. Mara nyingi marehemu wao alikuwa baba mwema, ila aliondoka duniani pasipo kusema neno juu ya mali yake.

Sababu ya kunyamaza kwake twaijua. Wengi huamini kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Lakini wakumbuke mfalme Hezekia. Nabii Isaya alimwagiza atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akasali, akapona, akaongezewa miaka 15. Kutengeneza nyumba hakumwui mtu. Asiyeitengeneza ndiye awaachiaye wengine mateso.

Mateso hayo huyaona kila parokia. Matanga yakiisha, ukoo huketi. Mjane aliyelima shamba bega kwa bega na mumewe huulizwa hati ya kiwanja ina jina la nani. Anayeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi husahau kwamba yeye ni mtumishi wa warithi, akajifanya mrithi mkuu. Mwisho wake watoto hutolewa shuleni, na nyumba ya Wakristu huuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo twawasihi wazazi watafute wakili wangali wazima, wala wasingoje hadi Padri aitwe kuwapaka mafuta matakatifu. Lakini wakili yupi?

Kwanza, awe wakili kweli. Mijini wako vishoka, watu wenye muhuri na meza karibu na mahakama, wasio na ruhusa ya kazi hiyo. Katika Tanzania Bara majina ya mawakili yamo katika orodha itunzwayo na Msajili wa Mahakama Kuu, na kila wakili hana budi kuwa na leseni ya mwaka ule. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Mwaminifu ataionyesha bila kununa. Aulizwe pia kama amezoea kazi za mirathi, maana si kila hodari wa kesi za jinai aijuaye kazi hii. Malipo yapatanwe mapema, na risiti itolewe.

Pili, na hili ndilo kubwa, awe mtu wa kuuliza maswali mazito na kusema hapana. Wakili anayeandika kila neno aambiwalo na kupokea fedha zake ni karani tu. Aliye mwema atauliza: Watoto wote ni wangapi, pamoja na yule aliyezaliwa nje ya ndoa? Madeni ni kiasi gani? Shamba hili ni lako, au ni la ukoo? Nyumba hii mliijenga wawili. Wawezaje kuigawa peke yako? Baba akitaka kumnyima binti yake kwa kuwa ameolewa, au kumsahau mke kwa hasira ya siku moja, wakili huyo atamzuia kwa upole na kumwonyesha kesi itakayozaliwa. Maneno hayo huchoma, lakini ni afadhali yamchome mwenye mali leo kuliko yawachome yatima kesho. Akitokea wakili atakaye jina lake liingizwe miongoni mwa warithi, msirudi kwake tena.

Asiye na fedha asikate tamaa. RITA, ofisi ya serikali, huandika wosia na kuutunza. Nayo sheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza. Tena kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo upande wa baba, zakubali hata wosia wa mdomo, mradi wawepo mashahidi wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Lakini maneno husahaulika, na mashahidi nao hufa. Maandishi yenye tarehe, sahihi na mashahidi ni salama zaidi. Yafaa shahidi asiwe mrithi. Katekista au jirani mwenye sifa njema aweza kusaidia hapo. Na mtu wa kuaminiwa ajue wosia umewekwa wapi, kwani wosia usioonekana haumsaidii mjane.

Kanisa lina mtakatifu wa mawakili, Ivo wa Bretagne katika Ufaransa, Padri na mwanasheria aliyefariki mwaka 1303. Watu walimwita wakili wa maskini, kwa kuwa aliwatetea wajane na yatima bila malipo. Wanasheria Wakatoliki wamtazame huyo, na wateja watafute wanaofanana naye.

Basi, Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, mume na mke waketi pamoja. Waandike walicho nacho, wanachodaiwa, na majina ya watoto wote, bila kumficha hata mmoja. Karatasi hiyo waende nayo kwa wakili, wote wawili.