Sala ya Kimya na Kakao ya São Tomé

Kiswahili kina maneno mawili makuu kwa tendo ambalo Mkristo hulifanya kila siku. Kusali, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya ibada: kusimama mbele ya Mungu kwa wakati wake na kwa utaratibu wake. Kuomba, neno la Kibantu, hubeba maana ya haja: aombaye amepungukiwa, naye amemwendea aliye nacho. Mkristo wa Afrika Mashariki huyatumia yote mawili bila kuyatenga, na aghalabu sala yake husikika.

Katika Birmingham, hata hivyo, kuna mila kongwe ya sala ambayo haienei vizuri katika neno lolote kati ya hayo mawili. Marafiki, ambao jina lao la Kiingereza, Quakers, lina maana ya watetemekao, huketi pamoja kwa muda wa saa moja hivi bila mhubiri na bila kitabu cha ibada. Anayehisi kusukumwa na Roho husimama, husema machache, kisha huketi. Ibada hufungwa kwa kupeana mikono. Hapo kusali ni kusikiliza.

Sala ya namna hii ina heshima yake. Inakumbuka kwamba Eliya hakumkuta Bwana katika upepo wala tetemeko wala moto, na kwamba Yesu aliwaonya wanafunzi wake wasidhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Lakini inaleta swali zito: ikiwa sala ni kusikiliza, basi anayesikia hudaiwa nini?

Mji wenyewe una kisa kinacholipima swali hilo. Mwaka 1879 ndugu wawili wa madhehebu hayo, Richard na George Cadbury, waliuhamishia kiwanda chao cha chokoleti nje ya moshi wa Birmingham, mahali walipopaita Bournville. Baadaye George alijenga hapo kijiji chenye nyumba bora na bustani, na mwaka 1903 nyumba yake ya zamani, Woodbrooke, ikawa chuo cha Marafiki. Imani yao haikuwa ya mdomoni. Mfanyakazi wa Bournville aliiona katika paa la nyumba yake.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vilivyokuwa chini ya Ureno. Waliolima huko waliletwa kutoka Angola. Kwa maandishi walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka mitano. Kwa kweli hawakurudishwa kwao. Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, alipata habari hizo, na hata orodha ya mali ya shamba lililokuwa likiuzwa, ambamo vibarua walihesabiwa kama sehemu ya mali. Mwaka 1905 kampuni ilimtuma Joseph Burtt kuchunguza. Taarifa yake ilikamilika mwaka 1907. Mwaka 1908 William alisafiri mwenyewe. Ununuzi ulisitishwa Machi 1909. Tangu kusikia hadi kuacha ilipita miaka minane.

Gazeti la Standard liliwaita wanafiki, nao wakalishtaki kwa kuwakashifu. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Jopo la raia lililoamua kesi lilisema kwamba kampuni ilikuwa imekashifiwa, kisha likaipa fidia ya robo ya peni. Hukumu hiyo ni somo la maadili: hawakuwa waongo kama walivyosemwa, lakini heshima waliyoidai haikuonekana kustahili zaidi ya sarafu ndogo kuliko zote.

Mtetezi wao atasema kwamba waliendelea kununua ili wabaki na sauti mbele ya Wareno, na kwamba serikali ya Uingereza iliwashauri wangoje. Hoja hiyo ina uzito. Bila dhamiri iliyolelewa katika kimya, huenda Burtt asingetumwa kabisa. Kampuni nyingi za wakati ule hazikutuma mtu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja hatimaye. Lakini kwa aliyefia shambani mwaka 1904, mshindo wa 1909 haukuwa na maana. Aliyeketi Bournville aliweza kungoja mwongozo kwa utulivu kwa sababu gharama ya kungoja ililipwa na mwingine.

Hapa ndipo kuomba, neno la mwenye haja, linaporudi kudai nafasi yake. Marafiki wa Marekani walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wengi wao wana wachungaji na nyimbo, na huomba kwa sauti. Uamsho wa mwaka 1927 ulipowafanya baadhi yao walie, waungame hadharani na kutetemeka, viongozi waliwapinga. Waliotoka ndio walioanzisha Kanisa la Afrika la Roho Mtakatifu. Ni ajabu kwamba watu wanaoitwa watetemekao waliona vigumu kuvumilia kutetemeka.

Kilio kina hatari zake. Huweza kugeuka kuwa amri kwa Mungu, au kelele ya kushindana na jirani. Lakini kinalinda jambo ambalo kimya huweza kulisahau: kwamba sala ya kwanza ni ya aliyebanwa. Kibarua wa Angola hakuhitaji kufundishwa kungoja. Ikiwa aliomba, aliomba atoke. Basi anayesikiliza mbele za Mungu hana budi kujiuliza ni maombi ya nani yanayomfikia hapo alipoketi, na ni ya nani yaliyozuiwa na umbali au faida. Isaya aliwaambia watu wa wakati wake kwamba Mungu huyafumba macho yake kwa sala nyingi za mikono yenye damu. Hakuwaambia wasali kwa ufasaha zaidi, bali waoshe mikono na wamtetee yatima.

Kwa kipimo hicho, kusudi la sala si kumjulisha Mungu asilolijua, wala si kuituliza nafsi tu. Ni kumfanya mtu afikike. Aombaye hukiri kwamba anamhitaji mwingine. Anyamazaye hukiri kwamba mwingine ana neno la kumwambia. Kila mmoja humkamilisha mwenzake, na wote wawili hupimwa kwa muda unaopita kati ya kusikia na kuinuka.