Kioo Kilichodhaniwa Johari

Katika kitabu chake kiitwacho Raudhat al-Talibin, Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja mas'ala ambayo yampasa kila aingiaye duka la sonara ayajue kabla ya kutoa fedha yake. Mtu amenunua kipande cha kioo kwa thamani kubwa, na moyoni mwake adhani kuwa ni johari. Kisha akatambua kuwa ni kioo. Je, ana khiyari ya kukirudisha na kupewa fedha yake? Jawabu ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, ni kuwa hana khiyari. Na sababu iliyotajwa ni kuwa taksiri ni yake mwenyewe, kwani hakuwauliza wenye ujuzi wa kitu kile kabla ya kukinunua.

Hukumu hii ni nzito masikioni mwa mwenye kuisikia mara ya kwanza. Husema: Sharia iliyokataza ghishi itamwachaje mtu aende zake na kipande cha kioo? Walakini mwenye kutazama vizuri ataona ya kuwa hapa pana mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni haki ya kuyavunja mauziano mbele ya kadhi. La pili ni dhambi aliyojitwika muuzaji aliyejua akanyamaza. Kadhi hahukumu kwa dhana iliyomo moyoni mwa mnunuzi, kwa kuwa hana njia ya kuiona. Na lau kila mtu angeruhusiwa kurudisha kitu kwa kusema "nalidhani", yasingesimama mauziano yo yote sokoni. Lau muuzaji angetamka kwa ulimi wake kuwa kile ni almasi, nacho ni kioo, basi jambo lingekuwa jingine kabisa. Lakini mtu kukosa khiyari mbele ya kadhi si dalili kuwa mwenzake ametoka salama mbele ya Mola wake.

Basi yapasa kuulizwa: ni ujuzi gani huo ambao mwenye kuuacha huhesabiwa kuwa ametaksiri? Zamani swali hili lilikuwa jepesi kidogo. Al-Biruni aliandika Kitab al-Jamahir juu ya vito na tabia zake katika karne ya 5 ya Hijra, na mwenye jicho lililozoea aliweza kumwambia mwenziwe kipi ni kipi. Leo kati ya kioo na almasi pamesimama vitu vingi. Iko zirkonia, ambayo hung'aa mno, nayo ni nzito kwa zaidi ya mara moja na nusu kuliko almasi ya ukubwa ule ule. Iko moisanaiti, ambayo kile chombo cha kupimia joto walicho nacho masonara wengi huipitisha kana kwamba ni almasi. Na hatta almasi yenyewe si moja. Mbili zaweza kulingana machoni, na bei ya moja ikawa mara nyingi ya bei ya mwenziwe.

Wajuzi wa kito hiki hukipima kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Uzito huhesabiwa kwa kirati, na hapa watu wengi huteleza, kwani kirati ya dhahabu si kirati ya almasi. Dhahabu ya kirati 24 ni dhahabu isiyochanganywa na kitu, na ya kirati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24; hiyo ni khabari ya usafi. Kirati ya almasi ni uzito mtupu: sehemu moja ya tano ya gramu. Mtu akiambiwa "pete ya kirati 18 yenye almasi", hajaambiwa neno lo lote juu ya almasi.

Rangi hupangwa kwa herufi za Kizungu, kuanzia D, ambayo haina rangi kabisa, hatta Z, yenye umanjano au ukahawia ulio dhahiri. Wapimaji hukilaza kito kifudifudi, peke yake, penye mwanga mweupe. Kikisha kukaa ndani ya dhahabu ya manjano, na taa za duka zikakimulika kutoka juu, umanjano wake hujificha. Mwenye kutaka kujua na aombe kuonyeshwa kito kabla hakijatiwa katika pete, juu ya karatasi nyeupe, mbele ya dirisha.

Usafi hutazamwa kwa kioo chenye kukuza mara 10, nao una daraja 11, kutoka kito kisicho na waa hatta kile ambacho nyufa zake huonekana kwa jicho. Daraja nyingi za kati zina mawaa ambayo mke hatayaona maisha yake yote, wala shoga zake hawatayaona. Anayekopa ili apate kito kisicho na waa anatoa fedha nyingi kwa jambo ambalo hatalithibitisha ila kwa maneno ya watu wengine, na mwenye deni ana mambo bora ya kufanyia fedha.

Mkato ndio uliodharauliwa kuliko yote, nao ndio roho ya almasi. Ng'aro ya kito haitoki ndani yake. Ni nuru iliyoingia kwa juu, ikagonga nyuso za chini, ikarudi machoni. Kito kikichongwa kikawa kirefu mno kwenda chini, au bapa mno, nuru huvujia nyuma na kito hufifia. Na mchongaji ana kishawishi. Kito cha kirati 1 kamili huuzwa kwa zaidi ya maradufu ya kito cha nusu kirati cha daraja ile ile. Basi huacha unene usio na faida chini yake ili mizani ifike. Kito cha mviringo cha kirati 1 kilichochongwa kwa insafu kina upana wa karibu milimita sita na nusu. Kilichonenepeshwa huonekana kidogo kuliko hapo, na mnunuzi amelipia uzito uliofichwa ndani ya dhahabu.

Kinyume cha uchoyo huo kilionekana katika kito kilichotoka Mwadui, karibu na Shinyanga, katika machimbo aliyoyagundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 lilipatikana humo jiwe la rangi ya waridi lenye kirati 54.5, likatolewa hadaya kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa. Lilipochongwa London mwaka uliofuata, kilichobaki kilikuwa kirati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka kuwa vumbi na vipande ili iliyobaki iwe na umbo jema.

Atasema mtu: yote haya ya nini, na hali iko hati? Ni kweli, ziko taasisi zenye kupima vito bila ya kuviuza, na mashuhuri yake ni Gemological Institute of America, iliyoasisiwa mwaka 1931, ambayo ndiyo iliyozipanga daraja hizi. Hati yake ni ushahidi wa mjuzi asiye na faida katika bei, na huko ndiko kuwauliza wenye ujuzi alikokutaja Imam. Lakini hati si zote sawa. Kuna maabara zenye mkono mwepesi, ambazo herufi moja yao si herufi ile ile ya wengine. Na kuna karatasi iliyoandikwa na muuzaji mwenyewe, nayo ni maneno yake tu yaliyopigwa muhuri. Tena hati na kito ni vitu viwili. Yafaa namba iliyochorwa katika ukingo wa kito isomwe kwa kioo cha kukuzia, ilinganishwe na namba ya hati.

Walakini mnunuzi ana mpaka. Iko almasi iliyojazwa kioo ndani ya nyufa zake. Huonekana safi, na siku sonara atakapoitia motoni kuitengeneza, ujazo waweza kuharibika na nyufa zikafunuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wakauona, na akamtoa mwenye ghishi katika safu ya umma wake. Nafaka ile ilikuwa nafaka kweli, na almasi hii ni almasi kweli. Kosa la muuzaji liko katika kufunika.

Na kuna iliyo ngumu zaidi. Tangu mwaka 1954, wataalamu wa kampuni ya General Electric huko Marekani walipofaulu, almasi huweza kufanyizwa na watu. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, na hapana jicho wala kioo cha mkononi kiwezacho kuibagua kwa yakini na iliyotoka ardhini. Hubaguliwa kwa mitambo. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani iliondoa sharti la kuwa almasi iwe ya asili ndipo iitwe almasi, lakini ikashikilia kuwa iliyofanyizwa itajwe hivyo kwa mnunuzi. Nayo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya nyingine. Akiiuza mtu kwa bei ya iliyotoka ardhini, naye akanyamaza, amefanya ghishi? Atajitetea kuwa hakusema uwongo, kito ni almasi, na mnunuzi ameridhika.

Udhaifu wa hoja hii uko katika neno lake la mwisho. Ghazali amesimulia khabari ya Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa Basra, aliyekuwa na mavazi ya dirham 400 na mengine ya 200. Mpwawe akamwuzia bedui vazi la 200 kwa 400. Yunus akakutana na bedui njiani, akalitambua vazi, akamwambia arudi. Bedui akajibu kuwa kwao lingefika 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali, akamrudishia dirham 200, akamgombeza kijana. Ridhaa ya asiyejua haikumtosha, na bedui yule aliliona vazi kwa macho yake. Mnunuzi wa almasi hana hatta hilo. Asili ya kito haionekani, na asili ndiyo aliyoilipia. Kwa wanazuoni aibu ya bidhaa ni ile yenye kupunguza thamani na kumpotezea mnunuzi makusudio yake yaliyo sahihi, na kupunguza kuzidi huku ni nadra.

Deni hili humshika kila mwenye kujua, hatta akiwa ndiye mnunuzi. Jarir bin Abdallah alinunuliwa farasi kwa 300. Alipomwona akamwendea mwenye farasi, akampandishia bei yeye mwenyewe mara baada ya mara mpaka ikafika 800, kwa kuwa alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Sonara aletewaye pete na mjane asiyejua lililomo ndani yake, akaitia machoni akaona daraja yake, yuko mahali pale pale aliposimama Jarir, na kioo cha kukuzia kimo mkononi mwake.