Njaa ya Kuku Mzazi

Kuku wa nyama auzwaye katika maduka ya Uingereza kwa kawaida huwa ameishi wiki tano au sita tu. Katika muda huo hula apendavyo, kwa kuwa mwenye kumfuga anataka uzito upesi. Wazazi wake, yaani mitetea na majogoo wanaofugwa ili watoe mayai ya kuangua vifaranga hao, hawali hivyo. Katika miezi yao ya kukua hupewa sehemu tu ya chakula ambacho wangekila kama wangeachiwa, na wakati wa ukali zaidi sehemu hiyo hukaribia robo. Hukimaliza kwa muda mfupi. Saa zilizobaki hudonoa vyombo vitupu, hunywa maji kupita kiasi na kuzunguka bila kutulia.

Sababu yake si ubahili. Wataalamu wa Kanada waliwahi kufuga kuku wa mbegu ya 1957 na wa mbegu ya 2005 kwa chakula kilekile. Walipotimiza siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, na wa pili gramu 4,202. Kizazi baada ya kizazi, mwanadamu amemchagua ndege anayekua upesi na mwenye hamu kubwa ya kula. Hamu hiyo humfaa mfugaji wa kuku wa kuchinjwa. Kwa ndege anayetakiwa kuishi zaidi ya mwaka mmoja ni balaa: akila hadi ashibe hunenepa mno, miguu humlemea, utagaji huvurugika, na huenda akafa mapema.

Kwa hiyo anayemnyima chakula husema kwamba anamwokoa, na hasemi uongo. Hata kwa kuku wa nyama wenyewe, kupunguza chakula kwa kiasi na kwa siku chache katika wiki za mwanzo huweza kupunguza vifo vya ghafla, na baadaye ndege hao hufidia sehemu kubwa ya uzito waliokosa. Kupunguza chakula, basi, si uovu kwa dhati yake. Mwaka 2003 shirika la Compassion in World Farming liliishtaki serikali ya Uingereza likidai kwamba njaa ya kuku wazazi inavunja kanuni za ustawi wa mifugo. Lilishindwa, na likashindwa tena katika rufaa mwaka 2004.

Hata hivyo, swali la maadili halikuishia mahakamani. Nahodha aliyekumbwa na dhoruba akitupa shehena baharini ili kuokoa roho za watu hufanya jambo la haki. Lakini vipi kama yeye mwenyewe alikipakia chombo kupita kiasi kwa tamaa ya faida? Kutupa shehena kungali ni sawa. Kosa lake li bandarini. Na msimu ujao akipakia vilevile, akijua dhoruba itakuja, dharura hiyo haiwezi tena kuitwa dharura. Imekuwa sehemu ya biashara yake.

Ndivyo ilivyo kwa kuku mzazi. Atazamwapo peke yake, njaa yake ni afadhali kuliko maradhi. Lakini kila kizazi kipya huzalishwa kwa uamuzi mpya, na mbegu zinazokua polepole, ambazo wazazi wake hawahitaji kunyimwa kiasi hicho, zipo. Anayechagua tena mbegu ileile hawezi kujitetea kwa kusema hakuwa na njia.

Yapo majibu yasiyopaswa kudharauliwa. Ndege anayekua polepole hula chakula kingi zaidi kwa kila kilo ya nyama, na bei yake hupanda. Mama mwenye kipato kidogo, awe London au Dar es Salaam, anahitaji kuku anayemudu kumnunua. Hoja hii ina uzito, ila inapaswa kusemwa waziwazi: unafuu wa bei yake umelipiwa kwa njaa ya ndege ambaye mnunuzi hatamwona kamwe. Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa asiyejulikana ni mzazi wa kitoweo chenyewe, na kumjua ndiko kunakotangulia uamuzi wowote wa haki juu yake.