Hija ya Asiyeweza Kutembea

Kila Juni 3, Namugongo, pembezoni mwa Kampala, hufurika mahujaji wanaowakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wapo wanaofika kwa miguu baada ya siku nyingi njiani, na uchovu wao huhesabiwa kuwa sehemu ya sala. Kwa mtu wa Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Uganda ni jirani: akivuka Mto Kagera kwenye daraja la Murongo yuko Kikagati, kisha Mbarara, Masaka, Kampala. Ila kama ni mkazi wa Nkwenda, huko huko Kyerwa, anayetumia kiti mwendo, safari hukwama kabla hajauona mpaka. Hukwama kwenye ngazi za basi.

Basi kama thawabu ya hija imo miguuni, yeye fungu lake liko wapi? Wengi humfariji kwamba Mungu yupo kila mahali, hata Nkwenda. Ni kweli. Ajabu ni kwamba wenye miguu mizima hawaambiwi hivyo.

Uislamu ulilikabili swali hili mapema. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na asiyejiweza kabisa kimwili anaweza kuhijiwa na mwingine. Lakini msamaha huo haukufunga mlango. Ummu Salama, mkewe Mtume, alipolalamika kuwa anaumwa, aliambiwa atufu, yaani aizunguke Kaaba, akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu. Mtume mwenyewe aliwahi kutufu juu ya ngamia. Leo viti mwendo vina njia yake kati ya Safa na Marwa.

Wakristo nao wana kisa cha Kapernaumu, Marko sura ya pili. Watu wanne walimbeba aliyepooza, wakakuta mlango umezibwa na umati, wakatoboa paa. Yesu aliiona imani yao, kwa wingi: waliobeba wamo. Huko Lourdes, Ufaransa, wagonjwa hutangulizwa kwenye maandamano, wakisukumwa na watu waliojitolea.

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na sheria yake ikafuata 2010. Hayo ni madai kwa serikali na wenye mabasi. Dai la dini humwangukia abiria mwenzake.

Kwa hiyo kamati ya hija, ya parokia au ya msikiti, Kayanga au Nkwenda, ingeanza kupanga safari na huyo mmoja wa kiti mwendo: ataingia gari gani, nani atambeba bila kumfedhehesha, choo kipi njiani kina mlango mpana. Nauli ya msaidizi wake wachange wote. Baada ya hapo, akisema anabaki nyumbani, atakuwa ameamua mwenyewe.