Wema Usiotaka Malipo

Kijana mmoja wa huku Ushetu, ambaye kwa muda sasa hutujia kuuliza habari za Islam, alisafiri akiwa utingo wa lori mpaka Mombasa. Walipotoka Nairobi walipumzika Makindu, wakaelekezwa kwenye hekalu la Makalasinga, wakaambiwa waingie wale. Walivua viatu, wakafunika vichwa, wakaketi chini katika safu moja na watu wasiowajua, wakapewa chapati, dengu na chai. Kijana alingoja mtu aje na daftari la hesabu, hakuja. Akangoja mhubiri, naye hakuja. Aliporudi alituletea swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu: "Shehe, watu wale wanapata nini? Na ikiwa hawapati kitu, mbona ninyi mwaniambia kwamba dini ya kweli iko kwenu?"

Nimeona afadhali nililete jibu langu hapa, kwani nadhani wako wengine wenye swali hilo vifuani mwao.

Hao tunaowaita Makalasinga au Masingasinga, wao wenyewe hujiita Masikh, yaani wanafunzi. Wengi wa wale wa kwanza walifika Afrika Mashariki kwa ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896. Reli hiyo hiyo, katika mwaka huo huo, ndiyo iliyowaleta Waahmadiyya wa kwanza katika pwani yetu. Basi tulishuka bandari moja, tukitoka jimbo moja la Punjab. Hekalu la Makindu lilijengwa mwaka 1926 kando ya reli, na hata leo msafiri wa dini yoyote hupata humo chakula na mahali pa kulala.

Lakini mfano ulio mkubwa zaidi ni wa mtu mmoja aliyeishi Kericho, katika nchi ya majani ya chai. Jina lake Puran Singh, naye alizaliwa mwaka 1898. Baada ya kukaa Kenya miaka mingi, alihamia Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa amekwisha pita umri wa miaka sabini, umri ambao wengi wetu tungekuwa tukingoja kuletewa maji ya kunawa. Huko akaanzisha jamaa iitwayo Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Neno "nishkam" lina maana ya kutotamani faida ya nafsi, na "sewak" ni mtumishi. Alifariki mwaka 1983. Wafuasi wake humwita Kerichowale, yaani mtu wa Kericho. Hivyo jina la mji wa Kiafrika limekuwa lakabu ya heshima ya mzee wa Bara Hindi.

Jamaa hiyo haikufa pamoja naye. Kiongozi wake tangu mwaka 1995, Bhai Mohinder Singh, ni mzaliwa wa Uganda. Huko Kericho wamejenga hekalu kubwa, na katika mkutano wa dini za dunia uliofanyika Barcelona mwaka 2004 waliwapikia na kuwalisha maelfu ya wajumbe bila kuchukua senti. Katika miaka ya 1990 walitengeneza upya dhahabu inayofunika hekalu lao kuu la Amritsar. (Wasomaji wetu wa Geita, wanaojua jasho linalotoka kwa gramu moja, watafikiri habari hiyo kwa namna yao.)

Sasa turudi kwenye swali: wanapata nini? Wako wenye hekima wasemao kwamba hakuna mtu atendaye wema bure. Mmoja hutaka sifa, mwingine hutaka pepo, na biashara ni ile ile, isipokuwa mmoja hulipwa leo na mwingine hulipwa kesho. Maneno haya si ya kupuuza. Katika machimbo ya dhahabu, mwenye duara huwalisha wachimbaji kila siku, na anayepita njia anaweza kumsifu kwa ukarimu. Lakini ugali ule umeandikwa. Siku mawe yanapogawanywa, gharama hutolewa kwanza, na mchimbaji hugundua kwamba alikuwa akila jasho lake mwenyewe. Je, mwenye kusali na kutoa sadaka kwa ajili ya pepo, hakuandika naye katika daftari?

Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad (a.s.), alilieleza jambo hili katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896. Aliichukua aya ya Sura An-Nahl (16:91), ambamo Mwenyezi Mungu anaamuru mambo matatu: uadilifu, hisani, na kutoa kama mtu ampavyo jamaa yake. Nami nitavitafsiri vyeo hivyo kwa mambo ya kwetu. Ukinilimia leo nami nikakulimia kesho, huo ni uadilifu, nisipokuja, nimekudhulumu. Ukimlimia mjane asiye na jembe wala mtoto wa kulishika, hiyo ni hisani. Lakini hisani ina ugonjwa wake, nao ni kukumbuka. Mwaka ujao mjane akikupita bila kukuamkia, moyo wako utasema: "Huyu si ndiye niliyemlimia?" Ndipo Kurani Tukufu inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi. Cheo cha tatu ni cha mama anyonyeshaye. Haandiki, wala hahesabu usiku aliokesha. Na ukimwambia kwamba mtoto huyu hatakulipa kamwe, hatamwondoa kifuani.

Basi wale wasemao kwamba wema wote ni biashara hawakumtazama mama. Na Muumini anayetumaini pepo hana aibu, maadamu hakuishia hapo, kwani mtoto naye huanza kwa kumpenda mama kwa ajili ya maziwa. Sura Ad-Dahr inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mungu pekee, wasitake kwao malipo wala shukrani. Niliposoma maana ya neno "nishkam", niliikumbuka sura hiyo.

Wala sioni ajabu. Guru Nanak (1469–1539), ambaye Masikh hupokea kwake desturi ya jiko la wote, alitembea miaka mingi na Mardana, mpiga zeze Mwislamu. Seyidna Ahmad (a.s.) alikwenda Dera Baba Nanak mwezi Septemba 1895 kulitazama joho linalohifadhiwa huko kuwa lake, akakuta juu yake maandishi ya Kurani, na katika kitabu chake Sat Bachan alimtangaza Baba Nanak kuwa walii mwenye kumpenda Mungu Mmoja, aliyeipokea Islam. Masikh hawakubaliani nasi katika hilo, nasi hatuna haki ya kuficha kwamba hawakubaliani. Ila heshima tunayompa si ya kuazima.

Hapo kijana akanibana: "Kwa hiyo wema wao utapotea kwa kuwa hawakuingia Islam?" Nilimjibu kwamba Mungu aliyesema hata wema wa uzito wa chembe utaonekana, hakusema chembe ya Mwislamu. Kupima mioyo si kazi yangu. Nilichomwitia mimi ni ukweli, na ukweli hauhitaji kwamba jirani yangu awe mbaya ili uthibitike. Mtu akijenga imani yake juu ya ubaya wa wengine, itabomoka siku atakapokutana na mtu mwema, na mtu mwema yuko hata Makindu.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na hapa msikitini, jiko liko wapi?"

Nikampeleka nyuma ya ukuta, nikamwonyesha mafiga matatu tunayoyawasha siku za Idi.